Maiti Kuchunguzwa kwa Skani Badala ya Kupasuliwa



Familia nyingi za Unguja na Pemba zina jamaa walioko Uingereza: London, Birmingham, Leicester na kwengineko. Mmoja wao akifariki ghafla nyumbani, simu inayokuja huku mara nyingi huwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni msiba wenyewe. La pili ni kwamba maiti haiwezi kuzikwa kesho, kwa kuwa imechukuliwa na koroneri, ofisa wa sheria mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo visivyojulikana sababu yake, naye anataka ipasuliwe. Tumeona ni vyema tueleze njia nyengine iliyopo, inavyofanya kazi, inapofikia kikomo, na wanavyuoni wamesimama wapi.

Njia hiyo ni skani ya CT. Aliyeibuni ni mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa mwanzo alipimwa London mwaka 1971. Mashine ina umbo la pete kubwa. Ndani ya pete, chombo cha kutoa miale ya eksirei kinazunguka huku mwili ukipita katikati juu ya kitanda, kisha kompyuta inaunganisha vipimo hivyo na kutoa picha za mwili tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba, ila hakuna kisu kilichogusa kitu.

Miaka ya mwisho ya 1990, wataalamu wa chuo kikuu cha Bern, Uswisi, walianza kuitumia kwa maiti kwa mpango maalumu. Baadaye walibuni hata mkono wa roboti unaopiga picha ngozi ya nje na kuongoza sindano hadi mahali palipokusudiwa ndani ya mwili. Kwa maiti, kazi ina wepesi wake: hapumui wala hatikisiki, na hakuna khofu ya kumdhuru kwa miale, kwa hiyo picha zinaweza kupigwa kwa wingi na kwa umakini zaidi. Maiti hubaki ndani ya mfuko wake na hakuna haja ya kumvua nguo. Picha zikishatoka hupitishwa kwenye mtandao wa hospitali hadi kwa daktari bingwa wa picha, ambaye anaweza kuwa mji mwengine kabisa, naye huandika ripoti na kuirejesha kwa koroneri. Mwaka 2013 kilifunguliwa kituo cha kazi hii Sheffield, na familia zilikuwa zikilipa takriban pauni 500. Lancashire, tangu 2018, skani ndiyo inayotangulizwa na familia hailipi.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Heshima ya maiti wa Kiislamu ni jambo lisilo na utata. Hadithi aliyoipokea Bibi ‘Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake), iliyomo katika Sunan Abi Dawud na Ibn Majah, inalinganisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai. Pamoja na hayo, wanavyuoni wa zama hizi hawakufunga mlango moja kwa moja. Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1987, liliruhusu kupasua maiti pale inapotafutwa sababu ya kifo katika kesi ya jinai, au kuyajua maradhi, au kufundishia udaktari. Liliweka masharti, na miongoni mwake ni kutovuka kiwango cha dharura, na kwamba maiti ya mwanamke isipasuliwe ila na madaktari wanawake, isipokuwa wakikosekana.

Hapo kwenye kiwango cha dharura ndipo skani inapoingia. Ikiwa jawabu linapatikana bila kupasua, dharura ya kupasua imeondoka katika kesi hiyo. Kwa rai yetu, familia inayoomba skani haikimbii sheria ya nchi; inaomba njia nyepesi kabla ya nzito. Wanaoosha maiti nao watatuelewa. Maiti aliyepasuliwa na kushonwa huvuja damu, na kumuosha kunakuwa mtihani kwa waoshaji na kwa watoto wake waliosimama pale.

Lakini tusijidanganye kuwa mashine inaona kila kitu. CT ni hodari wa mifupa iliyovunjika, damu iliyovuja, hewa iliyoingia pasipo pake, na chuma kama risasi. Udhaifu wake uko kwenye moyo na mapafu: mshipa wa moyo ulioziba na damu iliyoganda kwenye mapafu vinaweza kuipita, nayo hiyo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya ghafla. Utafiti wa Manchester na Oxford uliochapishwa 2012 ulilinganisha skani na upasuaji kwa maiti 182. Sababu ya kifo iliyotolewa na CT ilitofautiana na ya upasuaji katika asilimia 32. Pale daktari wa picha mwenyewe aliposema ana uhakika na hakuna haja ya kupasua, tofauti ilishuka hadi asilimia 16.

Leicester walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuingiza mpira mwembamba kupitia tundu dogo shingoni na kupeleka dawa inayoonyesha mishipa ya moyo. Matokeo yao ya 2017, kwa maiti 210, yalipata sababu ya kifo katika asilimia 92. Tena iligundulika kuwa upasuaji nao una yanayoupita, hasa majeraha na damu iliyovuja. Tundu hilo si sawa na kupasua kifua na tumbo, ingawa si sawa na kutogusa kabisa. Sumu nayo haionekani kwenye picha. Huchukuliwa damu au mkojo kwa sindano.

Kwa aliye na jamaa huko, la muhimu ni wakati. Ombi la skani lifikishwe kwa ofisi ya koroneri siku ile ile, kwa maandishi, likitaja kuwa pingamizi ni la kidini, na kamati ya maziko ya msikiti ihusishwe, kwani nyingi zina uzoefu na maofisa hao. Uamuzi ni wa koroneri, si wa familia. Hata hivyo mwaka 2015 Mahakama Kuu ya London, katika shauri la bibi wa Kiyahudi aliyefia hospitali, ilieleza kuwa koroneri anapaswa kuzingatia pingamizi la dini iwapo kuna matumaini ya kweli kwamba njia isiyo ya kupasua itatoa jawabu. Palipo na shaka ya mauaji, skani pekee haitakubaliwa, na hapo haki ya marehemu mwenyewe inadai ukweli ujulikane.

Huku visiwani, mashine ya CT ikiwepo foleni yake ni ya wagonjwa walio hai, na hivyo ndivyo inavyostahiki. Mwenye kesi yake mahususi amuulize shekhe anayemuamini akiwa na maneno ya daktari mkononi, kwa kuwa hukumu hubadilika kulingana na sababu iliyotajwa ya kutaka kupasua.