Baada ya Idai, mbegu zilikimbizana na msimu

Wakulima wa mahindi katika mabonde ya mito Buzi na Pungwe, katikati ya Msumbiji, huvuna kati ya Machi na Aprili. Kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia Machi 15, 2019, wakati mahindi yakiwa bado shambani na akiba ya mwaka uliotangulia ikiwa imekwisha au inaelekea kwisha. Hakuna wakati mbaya kuliko huo kwa kaya inayoishi kwa jembe.

Upepo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa uliezua mapaa mjini Beira, lakini kilichomaliza mashamba ni maji. Mito ilifurika, na katika picha za setilaiti sehemu kubwa ya mkoa wa Sofala ilionekana kama ziwa jipya. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji pekee, na Serikali ya nchi hiyo ilieleza kuwa zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliharibika.

Waokoaji wa kwanza hawakutoka mbali. Simu na umeme vilikuwa vimekatika na barabara kuu ya N6 inayotoka Beira kwenda Zimbabwe ilikuwa imekatwa na mafuriko, hivyo wavuvi walichukua mitumbwi yao na kuanza kuwashusha watu kutoka juu ya miti na mapaa. Baadaye zilifika helikopta kutoka Afrika Kusini na meli za jeshi la majini la India, na uwanja wa ndege wa Beira ukawa kituo cha kuratibu kazi yote. Tanzania nayo ilituma dawa na chakula.

Kipindupindu kilithibitishwa Machi 27. Wiki moja baadaye, Aprili 3, chanjo ilianza kutolewa kwa dozi zinazokaribia 900,000. Kasi hiyo iliwezekana kwa sababu dunia ina akiba ya chanjo hiyo iliyowekwa tayari kwa dharura.

Mbegu hazina akiba ya namna hiyo, na hapa ndipo urejeshaji wa maisha ya mkulima unapokwama. Mbegu aliyoihifadhi nyumbani ililowa, ikaota au kuoza. Ile ya kuletwa si lazima imfae. Mahindi yanayochukua miezi mitano hayana maana kwa mtu anayetegemea unyevu uliobaki baada ya maji kupungua, unaokauka kila wiki. Katika mabonde hayo msimu wa pili hupandwa kuanzia Aprili, kwa hiyo muda wa kununua, kusafirisha na kugawa mbegu ulihesabika kwa wiki. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na wadau wengine waligawa mbegu za mahindi, maharage na mboga pamoja na majembe.

Kuna jambo ambalo wagawaji wa misaada husahau kirahisi. Familia yenye njaa ikipewa kilo kumi za mbegu ya maharage itazipika, na haistahili kulaumiwa. Ndiyo maana chakula na mbegu hutakiwa kufika kwa pamoja. Kimoja kikitangulia kwa mwezi mzima, kingine hupoteza kazi yake.

Upande wa biashara haukuzungumzwa sana. Kukatika kwa N6 kulikwamisha mizigo ya bandari ya Beira, ambayo hutumiwa pia na Zimbabwe, Malawi na Zambia, mpaka ilipofunguliwa tena baada ya takriban siku kumi. Mwenye duka dogo aliyepoteza bidhaa alibaki na madeni yake palepale. Mwuza pembejeo alikuwa na tatizo la pili: mbegu za bure zikijaa kijijini, nani atanunua zake? Kabla ya Idai tayari kulikuwa na mpango wa vocha za kielektroniki katika mikoa ya Sofala na Manica, ambapo mkulima huchukua pembejeo dukani na mwenye duka hulipwa. Utaratibu huo hauwezi kufanya kazi siku ambayo duka liko chini ya maji, lakini barabara ikishafunguka ni bora kuliko lori la bure.

Mkutano wa wahisani uliofanyika Beira kuanzia Mei 31, 2019 ulielezwa kuwa mahitaji ya kujenga upya baada ya Idai na Kenneth, kimbunga kilichopiga Cabo Delgado Aprili 25 na kuwatia hofu wakazi wa Mtwara, ni dola bilioni 3.2. Ahadi zilizotolewa zilikuwa dola bilioni 1.2.

Baadhi ya familia za Buzi zilihamishiwa sehemu za juu kama Guara Guara. Huko wako salama zaidi, ila mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni na wengi waliendelea kushuka kulima. Januari 23, 2021 kimbunga Eloise kilitua karibu na Beira. Safari hii watu wengi waliondoka mapema. Mahindi yaliyopandwa bondeni yalifunikwa tena na maji, miezi miwili kabla ya kuvunwa.