Kizima moto ni cha dakika ya kwanza tu

Ukifuata Barabara ya Jinja kutoka Lugogo kuelekea Nakawa, hutakosa kuviona vizima moto. Vimesimama kando ya pampu za petroli, vimetundikwa kwenye korido za ofisi, vingine vimefichwa nyuma ya maboksi ya bidhaa. Karibu vyote ni vyekundu, na hapo ndipo mtu hukosea, akidhani kila mtungi mwekundu unazima kila moto. Rangi ya mtungi haikuelezi kilichomo ndani. Ukikosea kuchagua, unaweza kuukuza moto uliotaka kuuzima.

Nakawa, moja ya divisheni tano za jiji la Kampala, ina karibu kila aina ya moto. Ina soko la vyakula, viwanda, vyuo, ofisi zilizojaa kompyuta, na nyumba za watu kuanzia Naguru hadi Luzira. Moto unaowaka kwenye gunia la mkaa si sawa na unaowaka kwenye nyaya za umeme, wala hauzimwi kwa kitu kilekile.

Moto unahitaji vitu vitatu vikutane: kitu cha kuungua, joto la kutosha na oksijeni. Vikishakutana, huanza mfululizo wa mabadiliko ya kikemia unaojiendesha wenyewe. Kila kizima moto kimetengenezwa kuvunja sehemu mojawapo ya muungano huo. Maji huondoa joto. Povu hutanda juu ya petroli na kuzuia mvuke wake usipande. Gesi ya kaboni dioksaidi hufukuza oksijeni. Poda hukata ule mfululizo wa kikemia, ndiyo maana huangusha ndimi za moto haraka.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, soma herufi zilizo kwenye lebo. Mitungi mingi inayouzwa Afrika Mashariki hufuata mpangilio wa Uingereza. A ni vitu vikavu kama mbao, karatasi, nguo na magodoro. B ni vimiminika kama petroli, dizeli na rangi. C ni gesi, ikiwemo ile ya kupikia. F ni mafuta ya kupikia. Mitungi inayofaa penye umeme huwa na alama ya radi. Chini ya mpangilio huohuo, utepe wa buluu huonyesha poda, mweusi kaboni dioksaidi, wa rangi ya krimu povu, na wa njano kemikali ya majimaji ya jikoni.

Chukua mfano wa banda la chipsi jioni. Karai la mafuta limekaa juu ya sigiri, muuzaji kageuka kumhudumia mteja. Mafuta yanaanza kufuka moshi, na yakifika nyuzi 350 hivi au zaidi yanaweza kushika moto yenyewe. Jirani anakuja mbio na jagi la maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama, na huko chini yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hutanuka takriban mara 1,700 ya ujazo wa maji na kuyarusha mafuta yanayowaka juu na pembeni. Nguo za muuzaji, turubai la banda na uso wa jirani huyo vyote viko njiani. Dawa ya karai hilo ni mfuniko. Lifunike ukianzia upande wako, zima jiko kama ni la gesi, usilisogeze karai, na usilifunue mpaka lipoe kabisa. Poda yaweza kuziangusha ndimi, lakini haipozi mafuta, na yakibaki na joto lake yatawaka tena.

Ofisini hali ni nyingine. Kompyuta au soketi ikiwaka, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia salama, kisha tumia kaboni dioksaidi. Haiachi uchafu kwenye vifaa kama poda. Gesi hiyo hutoka ikiwa baridi ya karibu nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa hiyo usishike mdomo wake mpana, maana ngozi inaweza kuganda. Katika chumba kidogo hufukuza pia hewa unayovuta. Puliza, toka, funga mlango.

Mtungi wa gesi ya kupikia unaotoa moto mdomoni, kwanza funga vali kama unaweza kuifikia bila kuungua. Ukizima ndimi huku gesi inaendelea kuvuja, itajaa chumbani na kulipuka ikikutana na cheche. Ikishindikana kufunga, toa watu.

Kutumia kizima moto chenyewe si kazi ngumu. Simama hatua mbili tatu kutoka kwenye moto, mlango ukiwa nyuma yako. Chomoa pini. Elekeza mpira kwenye shina la moto, si kwenye ndimi. Bana kishikio, kisha pitisha kushoto na kulia mpaka uzimike. Rudi kinyumenyume ukiutazama, kwa kuwa moto huweza kufufuka.

Watu wengi hawajui jinsi mtungi unavyokwisha upesi. Ule mdogo wa kilo moja unaowekwa kwenye gari huisha kwa sekunde 10 hivi, na wa poda wa kilo 6 hauzidi sana sekunde 20. Ni wa kuzima moto unaolingana na pipa la taka, basi. Usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, moto ulipolishika jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere, ulikula paa na orofa za juu. Moto ukifika darini, kazi si ya mtungi tena. Moshi nao huua kabla ya ndimi kufika: kaboni monoksaidi hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mtu hulegea bila kujua kinachompata. Moshi ukishuka usawa wa kichwa, inama utoke.

Mtungi uliosahaulika ukutani hauna tofauti na pambo. Kila mwezi tazama kama sindano ya geji iko kwenye kijani, pini na lakiri zipo, na mpira haujapasuka. Wa kaboni dioksaidi kwa kawaida hauna geji. Hupimwa kwa mizani. Fundi aukague kila mwaka. Uweke karibu na mlango, kamwe si juu ya jiko. Kwa waajiri, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imewatwika jukumu la kuwakinga wafanyakazi dhidi ya moto, na mtungi ambao hakuna anayejua kuutumia hautimizi jukumu hilo.

Leo, kabla hujafunga duka au ofisi, soma herufi zilizo kwenye mtungi wako na uzilinganishe na kinachoweza kuungua hapo ulipo. Nambari za dharura Uganda ni 999 na 112. Mtu mmoja apige simu kabla mwingine hajachomoa pini, msingoje mtungi uishe.