Kimya, Kukataliwa na Kusomwa Vibaya: Istilahi za Kutambua Hitilafu kati ya Mfumo Endeshi na Kidhibiti cha Viwandani

Kiswahili kilifanywa kuwa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Hadhi hiyo hupimwa pia katika chumba cha mitambo. Makala haya yanafafanua kwa nini utambuzi wa hitilafu za mawasiliano ya mitambo unategemea istilahi zinazotenganisha chanzo kimoja na kingine.

Chukuliwe mfano wa pampu inayopandisha maji katika jengo la ghorofa huko Kibagabaga, mtaa wa wilaya ya Gasabo jijini Kigali. Pampu huamrishwa na kidhibiti, nacho husimamiwa kupitia kompyuta. Mawasiliano yakivurugika, fundi huarifiwa tu kwamba kuna "hitilafu ya mawasiliano". Kauli hiyo moja hufunika matatizo matatu yenye tiba tofauti. Asiyeyatenganisha huweza kubadilisha kidhibiti cha bei ghali ilhali kasoro imo kwenye kompyuta, na wakazi wakakosa maji.

Tatizo la kwanza ni kimya: kompyuta huuliza, muda wa kusubiri ukaisha bila jibu. Kwa itifaki ya Modbus, iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 na ingali ikitumika sana, kidhibiti hakijibu ujumbe uliofika ukiwa umeharibika. Kwa hiyo kimya humwelekeza fundi kwenye kebo, kasi ya utumaji na anwani ya kidhibiti.

La pili ni kukataliwa, na wanaokataa ni wawili. Katika DOS, programu iliweza kuigusa poti moja kwa moja. Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, iliweka ulinzi: poti ya kebo ikishikwa na programu moja, ya pili hunyimwa. Katika Linux, mtumiaji asiye na idhini hukataliwa vilevile. Hapo ni mfumo endeshi uliokataa. Kidhibiti hakijaulizwa lolote. Lakini kidhibiti chenyewe kikijibu kwa msimbo 02, kinaarifu kwamba anwani ya data iliyoombwa haikubaliki. Jibu hilo ni ushahidi kwamba njia ni nzima.

La tatu ni kusomwa vibaya, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halitoi onyo. Rejista moja ya Modbus hubeba biti 16. Namba ya biti 32 huhitaji rejista mbili. Pande mbili zikitofautiana juu ya rejista inayotangulia, 1 husomwa 65,536.

Kutokana na hayo, orodha ya istilahi inayotoa kisawe kimoja kwa kila neno la kigeni haitoshi. Fundi wa Kigali huweza kuwa na mwongozo wa Kiingereza na mwenzake wa Goma wa Kifaransa. Kiswahili ndicho kinachoweza kuwakutanisha. Inapendekezwa kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ishirikiane na mabaraza ya lugha na mafundi kuandaa istilahi kwa kufuata ngazi za utambuzi. Ujumbe wa hitilafu ubainishe nani amenyamaza, nani amekataa, na ni thamani ipi inayotiliwa shaka.