MCHEZO WA NYOTA WA MPIRA WA KIKAPU: TUUTAZAME, LAKINI FEDHA ZIBAKI MFUKONI



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Februari, redio na simu za vijana wetu hujaa habari za mpira wa kikapu kutoka Marekani. Utasikia vijana wakibishana njiani. Mmoja anasema fulani ataruka zaidi. Mwingine anasema hapana, mtu wangu ndiye bingwa. Mzee akiuliza, "Hivi ni mashindano gani hayo?", anajibiwa haraka haraka na haelewi kitu.

Basi leo tueleze mambo hayo taratibu. Tutaeleza mchezo wenyewe, siku zake tatu, na jinsi washindi wanavyopatikana. Kisha tutasema neno juu ya kamari, kwa sababu siku hizi vijana wengine wanaweka fedha za nyumbani juu ya michezo hii.

NYOTA NI NANI?

Marekani kuna ligi ya mpira wa kikapu ya wachezaji wa kulipwa. Inaitwa NBA, nayo ina timu 30. Timu hizo zimegawanywa katika pande mbili, Mashariki na Magharibi. Wachezaji walio bora kupita wengine huitwa nyota. Mara moja kwa mwaka ligi husimama kidogo, na nyota hao hukusanyika katika mji mmoja kucheza pamoja.

Nani huwachagua? Kwa miaka mingi sasa wachezaji wa kuanza huchaguliwa kwa kura. Kura za watazamaji ni nusu ya hesabu. Kura za wachezaji wenyewe ni robo, na za waandishi wa habari ni robo. Wachezaji wa akiba huchaguliwa na makocha.

ULIANZAJE?

Mchezo wa kwanza wa nyota ulichezwa mjini Boston tarehe 2 Machi 1951. Mashariki walishinda kwa pointi 111, Magharibi wakapata 94. Watu zaidi ya 10,000 walikuja kutazama.

Lakini kwa nini waliuanzisha mwaka ule? Hapa ndipo penye jambo la kujifunza. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wa 1951, wachezaji wa vyuo kadhaa vya Marekani walikamatwa. Walikuwa wamepokea fedha kutoka kwa wacheza kamari. Mara nyingi hawakuambiwa lazima washindwe. Waliambiwa washinde kwa pointi chache kuliko walivyoweza, ili wacheza kamari wapate faida. Watu walipojua, walikasirika sana. Walisema, "Kumbe tunalipa kiingilio kutazama uongo!"

Viongozi wa NBA wakaona hatari. Ligi yao ilikuwa bado changa, na watu wakikosa imani, nani atakuja uwanjani? Basi wakaanzisha mchezo wa nyota ili kurudisha mapenzi ya watu kwa mpira wa kikapu. Kwa hiyo mchezo huu ulizaliwa kwa sababu kamari ilikuwa imeuchafua mpira. Tulikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

IJUMAA: WAGENI NA VIJANA

Sasa tuone siku tatu zenyewe. Kwa kawaida ni Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kumbuka kwamba wakati wa Marekani ni tofauti na wetu. Mwezi wa Februari, saa mbili usiku mjini New York ni saa kumi alfajiri hapa kwetu. Basi anayetaka kusikia michezo hiyo moja kwa moja huamka kabla ya jogoo.

Siku ya Ijumaa kuna mchezo wa watu maarufu, kama waimbaji na waigizaji. Huo ni wa kufurahisha tu. Halafu kuna mchezo wa vijana ambao wako katika mwaka wa kwanza au wa pili wa ligi. Hapo watu hutazama nani atakuwa nyota wa kesho.

JUMAMOSI: MASHINDANO YA UFUNDI

Jumamosi ndiyo siku ambayo vijana wetu hubishana sana. Kwa kawaida kuna mashindano matatu.

La kwanza, mpaka mwaka 2025, lilikuwa la ufundi. Wachezaji walikimbia huku wakidunda mpira, wakapenya katikati ya vizuizi, wakatoa pasi katika shabaha, kisha wakatupa mpira kikapuni. Mwenye kasi na usahihi ndiye aliyeshinda.

La pili ni la kutupa mpira kutoka mbali. Uwanjani kuna mstari wa upinde. Ukifunga ukiwa nje ya mstari huo, timu yako hupata pointi 3. Katika ligi ya NBA, mahali penye umbali mkubwa mstari huo uko mita 7 na sentimita 24 kutoka kikapuni. Pima hatua saba ndefu nyumbani kwako utaona.

Tufanye hesabu ya shindano hili. Kuna vituo 5 kwenye upinde, na kila kituo kina mipira 5. Katika vituo 4, mipira minne ni ya pointi 1 kila mmoja, na mpira wa tano ni wa pointi 2. Kila kituo basi kina pointi 6, na vituo vinne vina pointi 24. Kituo kimoja ambacho mchezaji anakichagua mwenyewe kina mipira yote ya pointi 2, yaani pointi 10. Tena kuna mipira miwili ya kutupwa kutoka mbali zaidi, kila mmoja pointi 3, yaani pointi 6. Jumlisha 24, 10 na 6. Jibu ni 40. Mipira yote ni 27, nayo hutupwa katika sekunde 70 tu. Hakuna nafasi ya kufikiri.

Mwaka 2021 Stephen Curry alipata pointi 31 katika raundi moja, na watu wakashangaa. Lakini mwaka 2023, katika ligi ya wanawake, mwanamke aitwaye Sabrina Ionescu alipata pointi 37 kati ya 40. Mwaka 2024 wawili hao walishindana mjini Indianapolis. Curry alipata 29 na Ionescu 26. Wazazi wenye mabinti, mmesikia hiyo?

Shindano la tatu ni la kudanki. Kudanki ni kuruka juu mpaka mkono ufike kikapuni na kuusukuma mpira ndani kwa nguvu. Kikapu kiko mita 3 na sentimita 5 kutoka chini. Waamuzi watano hutazama, na kila mmoja anaweza kutoa mpaka pointi 10. Mruko mzuri kabisa hupata 50. NBA ilianza shindano hili mwaka 1984 katika siku za nyota, na mshindi alikuwa Larry Nance.

Msifikiri kwamba warefu tu ndio hushinda. Mwaka 1986 mshindi alikuwa Spud Webb, mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 70 hivi. Hapa Kirushya tunao wengi wa urefu huo. Mac McClung naye, ambaye si mrefu kwa wachezaji wa kikapu, alishinda mara tatu mfululizo, mwaka 2023, 2024 na 2025. Walifika hapo kwa mazoezi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha juu sharti ajifunze kuruka.

JUMAPILI: MCHEZO WENYEWE

Jumapili nyota wote huingia uwanjani. Ungetegemea kuona mchezo mkali kuliko yote ya mwaka. Lakini sivyo. Mara nyingi nyota hawazuii kwa nguvu. Wanaogopa kuumia, maana ligi haijaisha. Kila mmoja anamwachia mwenzake apite afunge. Mwaka 2024 Mashariki walipata pointi 211 na Magharibi 186. Hata viongozi wa ligi hawakufurahi.

Basi wakaanza kubadili utaratibu. Mwaka 2025 mjini San Francisco waliweka timu nne ndogo. Timu iliyotangulia kupata pointi 40 ndiyo iliyoshinda. Kwa mwaka 2026 utaratibu ulipangwa tena kuwa timu tatu, mbili za Wamarekani na moja ya wachezaji wa nchi nyingine za dunia. Kisa cha mabadiliko yote haya ni kimoja: kuwafanya nyota wajitahidi kweli.

JE, MCHEZO HUU UKO MBALI NA SISI?

Wengine watasema, hayo ni ya Wazungu. Hapana, ndugu. Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa, alichaguliwa kuwa nyota mara 8. Alifariki mwaka 2024. Luol Deng, aliyezaliwa Wau katika nchi ambayo leo ni Sudani Kusini, alichaguliwa mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2015 NBA ilicheza mchezo mjini Johannesburg. Timu ya Afrika, nahodha wake akiwa Deng huyo, ilicheza na Timu ya Dunia. Dunia walishinda kwa 101 dhidi ya 97. Tofauti ni pointi 4 tu.

Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, alichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wote wa NBA mwaka 2009. Hakuwahi kufikia kuchaguliwa kuwa nyota. Lakini alifungua njia, maana ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo.

Tena sisi watu wa Ngara tuko karibu kuliko watu wa Dar es Salaam. Ukivuka daraja la Rusumo, ni safari ya saa chache kwa gari kufika Kigali. Huko kuna ukumbi mkubwa wa michezo uliofunguliwa mwaka 2019, wenye nafasi ya watu 10,000 hivi. Ligi ya kikapu ya Afrika, inayoitwa BAL, ilianza humo mwaka 2021.

SASA, KUHUSU KAMARI

Turudi kwenye neno letu la mwanzo. Mwaka 1951 mcheza kamari alikuwa mtu wa mjini. Leo kamari imeingia ndani ya simu. Kijana anauza debe la maharage au anachukua fedha za kahawa, anaziweka juu ya mtu anayeruka Marekani. Sheria ya Tanzania inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini hata mtu mzima afanye hesabu kwanza.

Tuseme warukaji ni wanne. Vijana wanne wanaweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila kijana kwa mrukaji wake. Jumla ni shilingi 4,000. Tuseme kampuni inamlipa aliyeshinda shilingi 3,400, na 600 zinabaki kwa kampuni. Tuseme tena bahati ni sawa, na vijana wanashinda kwa zamu. Baada ya mashindano manne kila kijana ametoa 4,000 na amepata 3,400. Amepoteza 600. Baada ya mashindano 40 amepoteza 6,000. Na huyo ni mwenye bahati sawa na wenzake! Wenye kampuni hawahitaji kuruka wala kudunda mpira.

Atasema, "Mimi naujua mchezo." Lakini mmeona wenyewe. Katika kudanki, mshindi hutoka katika macho ya waamuzi watano. Katika mchezo wa Jumapili, wachezaji wenyewe hawajitahidi kama siku nyingine. Hapo ujuzi wako utakusaidia nini?

Tena udanganyifu haujaisha. Mwezi wa Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha mchezaji Jontay Porter. Alikuwa amewapa wacheza kamari habari za siri juu ya afya yake, na alitoka mapema uwanjani ili wapate faida. Yeye alijua atatoka. Aliyeweka fedha kijijini hakujua.

TUFANYE NINI?

Tusiwakataze vijana mchezo. Tuwape mchezo wa kucheza. Shule yenye uwanja inaweza kusimamisha nguzo mbili za mkaratusi, ubao, na duara la chuma lenye upana wa sentimita 45. Fundi wa kijijini analiweza. Kisha tufanye siku yetu ya nyota: wasichana na wavulana washindane kudunda, kutoa pasi na kutupa kutoka mbali. Zawadi iwe daftari, kalamu au mpira. Wazazi waje wahesabu pointi, maana hesabu sasa tunaijua.

Na nyumbani, kila shilingi iandikwe inakotoka na inakokwenda. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Simu nayo ni mfuko. Baba na mama na waulizane mfuko huo una tundu au hauna.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mchezo wa nyota ulianzishwa mwaka 1951?
2. Katika kutupa kutoka mbali, mchezaji amefunga mipira 10 ya pointi 1, mipira 6 ya pointi 2 na mpira 1 wa pointi 3. Amepata pointi ngapi?
3. Kijana wa mfano wetu akicheza mashindano 100 kwa bahati ile ile, atapoteza shilingi ngapi?
4. Kijijini kwetu vijana wana mahali pa kuchezea? Kama hawana, nani aanze?