Fahamu: Chemba ikifurika Kayole, bomba ni la nani?

Ukiamka mtaani Kayole, Nairobi, ukute maji meusi mlangoni mwa ploti, utampigia nani? Inategemea bomba. Laini kuu ni jukumu la Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, inayosimamiwa na Wasreb, mdhibiti wa huduma za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Kipande kinachotoka vyooni hadi kwenye laini hiyo ni mzigo wa mwenye ploti. Keyateka akisukuma waya mchana kutwa kukizibua, gharama ni ya landilodi.

Ila kumiliki bomba hakukupi uhuru wa kumwaga utakavyo. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, landilodi huweza kuamriwa kuondoa kero, na akikaidi anapelekwa kortini. Anayesafisha majitaka mwenyewe na kuyaachilia mtoni huhitaji leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Hata lori la kunyonya choo lina leseni yake.

Utata uko kwenye mabomba ambayo majirani huchanga pesa na kuyaunganisha kienyeji, bila idhini ya kampuni. Bomba lililotosha nyumba chache za chini sasa linabeba ghorofa nzima. Likipasuka, kila landilodi anasema ni la mwenzake.