Kalemie: USDT yako inaweza kwenda wapi bila wewe kujua? Funga njia mapema

Mtu wa Kalemie akikosea namba anapotuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, bado ana nafasi. Mara nyingi simu humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Na akishabonyeza, anaweza kukimbia kwa wakala au kupigia kampuni ya simu, akaomba pesa zizuiwe kabla hazijatolewa. Si kila mara anafanikiwa, lakini mlango upo. Kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola ya Marekani, mlango huo haupo. Jina halionekani, kuna msururu wa herufi na tarakimu tu. Malipo yakishaandikwa kwenye mtandao wa sarafu hiyo, kwa kawaida ni aliyepokea anayeweza kuyarudisha, tena akitaka.

Jambo hili linatugusa zaidi sasa huku mashariki mwa RDC. Januari 2025 waasi wa AFC/M23 waliingia Goma, mwezi uliofuata wakaingia Bukavu, na benki za miji hiyo zikafunga milango. Familia zilitawanyika, zingine zilishuka na ziwa kwa mashua hadi Kalemie. Katika hali kama hiyo, dola inayokaa ndani ya simu na kuvuka Tanganyika bila kupita kwenye kaunta ya benki inavutia. Inamvutia mfanyabiashara anayeagiza mali Kigoma au Dubai, kijana anayelipwa kwa kazi ya intaneti, mzazi mwenye mtoto anayesoma ng'ambo. Njia ya kawaida ni kununua USDT kwa mtu binafsi kupitia soko la mtandaoni, kumlipa kwa pesa za simu, kisha kuiacha humo humo sokoni mpaka siku ya kuituma. Na humo ndimo mwizi anamoitafuta.

Masoko makubwa kama Binance na Coinbase yana kufuli ambayo wateja wengi hawajawahi kuigusa: orodha ya anwani zinazoaminika. Unaandika mapema adresi, kama tunavyosema huku, za watu unaowatumia pesa. Ukishawasha kufuli hiyo, akaunti yako haiwezi kutoa sarafu kwenda anwani nyingine yoyote. Mwizi anaweza kuwa na neno lako la siri, anaweza hata kuwa na simu yako mkononi, lakini akijaribu kujitumia, soko linamkatalia.

Hapa kuna kosa moja linalojirudia. Kuhifadhi anwani kwenye kitabu cha anwani si kuwasha kufuli. Kitabu kinakusaidia tu usiandike upya kila mara. Bila kufuli, sarafu bado inaweza kutumwa popote. Ni mipangilio miwili tofauti, na katika programu nyingi ule wa pili huja ukiwa umezimwa. Fungua sehemu ya usalama ya akaunti yako uangalie kwa macho yako.

Mwizi naye anaweza kujaribu kuongeza anwani yake kwenye orodha. Ndiyo maana kuna muda wa kungoja. Tarehe 17 Januari 2022, soko la Crypto.com liligundua kwamba sarafu zilikuwa zinatolewa kwenye akaunti za wateja bila hatua ya pili ya uthibitisho kufuatwa. Wateja 483 waliguswa, na zaidi ya dola milioni 30 katika Bitcoin, Ether na pesa nyingine zilitoka. Kampuni iliwalipa, kisha ikaweka sheria mpya: anwani mpya ikiongezwa kwenye orodha, lazima zipite saa 24 kabla ya kutolewa chochote kwenda huko, na mteja apate taarifa. Masoko mengine yana muda wa namna hiyo, kwa mengine ni mrefu zaidi.

Saa hizo 24 ni zako, ikiwa tu utaiona taarifa. Na taarifa kwa kawaida huja kwa barua pepe. Tuseme ukweli: ni wangapi kati yetu wanaofungua barua pepe? Kuna watu ambao barua pepe yao ilifunguliwa na kijana aliyewauzia simu, na neno la siri bado analijua yeye. Mwenye barua pepe yako anaweza kufuta onyo kabla hujaamka. Kwa hiyo kabla ya kugusa orodha, rudisha barua pepe mikononi mwako: badilisha neno la siri, weka uthibitisho wa hatua mbili, ondoa simu za zamani zilizounganishwa nayo. Umeme ukikatika na ukalazimika kuacha simu kwenye kibanda cha kuchajisha, izime kabisa, iwe na kodi ya kuifungua, na usimwachie mtu kodi hiyo eti akuangalizie kama imejaa.

Kazi ngumu kuliko zote ni kujua kama anwani unayoiweka ni ya kweli. Orodha haijui uaminifu wa mtu, inaamini ulichoandika. Ukiweka anwani ya mwizi, kufuli inamlinda yeye.

Tuchukue mfano. Msambazaji wako wa Kigoma anakuandikia kwa WhatsApp kwamba amebadilisha anwani. Picha ni yake, namba ni yake, hata anakuita kama alivyozoea. Lakini WhatsApp huibwa kila siku, na ujumbe kama huo ndio wa kwanza ambao mwizi huandika. Mpigie kwa simu ya kawaida, usikie sauti yake, akusomee herufi zote. Usitosheke na nne za mwanzo na nne za mwisho. Wezi hutengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho na ile unayoitumia, kisha hukutumia kiasi kidogo sana ili anwani yao ikae kwenye historia yako, ikingoja siku utakapoinakili bila kuangalia. Tarehe 3 Mei 2024 mtu mmoja alinakili anwani ya namna hiyo na kutuma Bitcoin 1,155 zilizofungwa kwenye mtandao wa Ethereum, thamani yake karibu dola milioni 70. Yeye alibahatika, baada ya mazungumzo mwizi alirudisha sehemu kubwa. Usipange biashara yako kwa bahati ya namna hiyo.

Kuna pia programu zinazobadilisha kile ulichonakili. Unanakili anwani ya rafiki, unabandika, inatokea nyingine. Mwezi Februari 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kwamba ilikuta programu ya aina hiyo hata ndani ya duka la Google, ikijifanya MetaMask. Kwa hiyo linganisha baada ya kubandika, si kabla.

Mtandao nao uandikwe sawa. USDT inapita njia nyingi. Kwenye TRON, anwani huanza na T na ina herufi na tarakimu 34. Kwenye Ethereum huanza na 0x na ina 42, na sura hiyo hiyo inatumika pia kwenye BNB Chain. Hapo ndipo watu huchanganya. Mwulize mpokeaji anapokea kwa mtandao upi, kisha tuma kiasi kidogo kwanza na umngoje aseme kimefika. Utalipa ada mara mbili. Ukiwa na shehena ya vitenge inayongojewa bandarini, ada hiyo si hasara.

Kuna pingamizi moja ambalo naliona lina uzito. Mtu anayekimbia vita hana saa 24 za kungoja. Jibu si kuiacha kufuli wazi. Andika sasa, wakati wa utulivu, anwani ya ndugu unayemwamini aliye mahali pengine, na muda wa kungoja utakuwa umekwisha siku utakapomhitaji. Pesa ya dharura, kiasi ambacho ukipoteza hakitakuangusha, iweke kwenye mkoba mwingine nje ya soko.

Kufuli hii ina matundu. Katika masoko mengine haihusu malipo ya ndani kutoka mteja hadi mteja, wala mauzo kwa mtu binafsi: mwizi aliyeingia anaweza kuuza USDT yako na kupokea pesa kwenye namba yake ya simu. Angalia kama soko lako linadai kodi ya hatua ya pili hata kwa njia hizo. Wala kufuli haisaidii soko lenyewe likianguka kama FTX mwezi Novemba 2022, au likivunjwa kama Bybit mwezi Februari 2025, lilipopoteza takriban dola bilioni 1.5. Na anwani ya zamani ya mteja mliyeachana, ifute. Huenda hata yeye hana tena ufunguo wake.

Taarifa ya anwani usiyoijua ikikujia usiku, usibonyeze kiungo kilicho ndani ya barua hiyo, maana nayo inaweza kuwa ya uongo. Fungua programu yenyewe, tafuta sehemu ya kusimamisha akaunti, isimamishe, kisha badilisha maneno ya siri ukitumia simu nyingine safi. Zungumza na huduma ya wateja ndani ya programu tu. Wale watakaokuandikia WhatsApp kesho yake wakisema wanaweza kukurudishia sarafu zako kwa malipo kidogo ya mbele ni wezi wa pili.