USIZIBE SIKIO LINALOTOA MAJI



Jiwe likimwangukia mtu kichwani, tunaona damu, tunaona uvimbe, tunakimbia kwa munganga. Lakini kichwa kina sehemu moja ambayo jicho haliioni. Ni sakafu yake, yaani mfupa unaobeba ubongo, ulio juu ya pua na koo. Mtu anaweza kuanguka kutoka pikipiki, ngozi isichubuke hata kidogo, na sakafu hiyo ikavunjika. Leo tuzungumze juu yake, kwa maana anayeijua anaweza kuokoa maisha ya mwenzake.

SAKAFU YENYE MATUNDU

Wewe unayeshuka chini ya udongo umekwisha kuona namna nyaya za umeme na mabomba ya maji na hewa yanavyopitishwa katika matundu ya ukuta. Kichwa nacho kimejengwa hivyo. Fuvu ni kama sanduku lililofungwa, na karibu njia zote za kuingia na kutoka ziko chini, sakafuni.

Sakafu hiyo ina ngazi tatu. Ngazi ya mbele iko juu ya macho na pua. Hapo katikati mfupa ni mwembamba na umetobolewa vitundu vidogo vingi, kama chekecheo la unga wa bukari. Humo hupita nyuzi za kunusa. Mfanyakazi aliyepoteza kunusa hasikii harufu ya moshi wala ya waya unaoungua. Mama aliyepoteza kunusa hajui chakula kimeharibika.

Ngazi ya katikati inaanzia nyuma ya macho na kufika masikioni. Hapo kuna njia ya mshipa wa kuonea, njia ya mishipa inayogeuza jicho, na njia za mishipa ya uso na ya kutafuna. Kila upande kuna pia mfereji unaopitisha mshipa mkubwa wa damu kwenda ubongoni. Karibu yake kuna kitundu kidogo sana, cha milimita mbili au tatu tu. Kikumbuke kitundu hicho, tutarudi kwake.

Ngazi ya nyuma ndiyo ya chini kabisa. Ina tundu kubwa kuliko yote, lenye urefu wa sentimeta 3 na nusu hivi, ambamo ubongo unaungana na uti wa mgongo. Pembeni kuna tundu la kusikia, ambamo hupita pia mshipa unaokunja uso tunapocheka. Kuna njia ya mishipa ya kumeza na ya sauti, pamoja na mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Na kuna njia ya mshipa wa ulimi.

Sasa fikiri juu ya mbao iliyotobolewa matundu mengi. Ukiipiga nyundo, inapasuka wapi? Inapasuka kufuata matundu. Pigo la juu ya kichwa hushuka hadi sakafuni, na mfupa hupasuka pale ulipo dhaifu.

DALILI NNE ZA KUJUA

Ubongo unaelea katika maji safi. Mtu mzima ana kama mililita 150 za maji hayo. Sakafu ikipasuka na ngozi ya ndani ikachanika, maji hutafuta njia. Basi angalia:

1. Maji meupe au damu nyepesi inatoka puani au sikioni. Ikidondoka kwenye kitambaa cheupe, mara nyingine damu hubaki katikati na maji hutandaa pembeni kama pete.

2. Macho yote mawili yanazungukwa na weusi, ingawa hakupigwa machoni.

3. Weusi unatokea nyuma ya sikio, juu ya mfupa. Alama hii ilielezwa na mpasuaji William Battle wa London mwaka 1890, na wanganga wanaiita kwa jina lake mpaka leo. Weusi wa macho na wa nyuma ya sikio unaweza kuchelewa siku moja au mbili, kwa hiyo usiseme, «Jana hakuwa na kitu.»

4. Upande mmoja wa uso umelegea, au sikio halisikii, au mtu anaona vitu viwiviwili.

YULE ANAYESEMA «NIKO MZIMA»

Turudi kwenye kile kitundu kidogo. Humo hupita mshipa wa damu unaopanda ndani ya mfupa wa pembeni mwa kichwa, pale mfupa ulipo mwembamba. Pigo la pembeni likiuchana, damu inajikusanya kati ya mfupa na ubongo, polepole.

Mtu anazimia kidogo, kisha anaamka. Anapanguza vumbi, anaomba maji, anasema, «Bwana kapita, niko mzima,» anarudi nyumbani kwa miguu yake. Baada ya saa chache kichwa kinauma zaidi, anatapika, anasinzia. Nyumbani wanasema, «Muache baba alale, amechoka.» Usingizi huo unaweza kuwa wa mwisho. Lakini akifika mapema kwa mpasuaji, damu hiyo hutolewa na mtu hupona.

Ndiyo sababu pigo la kichwa haliwi siri ya mfanyakazi na kapita wake. Mama nyumbani lazima aambiwe. Kwa muda wa saa 24 mtu huyo asiachwe peke yake. Akitapika mara kwa mara, akichanganya maneno, akishikwa na degedege, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, msingoje asubuhi.

UFANYE NINI?

— Mlaze chali, shika kichwa na shingo visitikisike. Shingo nayo inaweza kuwa imevunjika.

— Akitapika au akizimia, mgeuzeni upande, watu wawili au watatu, kichwa na mwili pamoja kama gogo moja.

— Usizibe sikio wala pua kwa pamba, kitambaa au majani. Maji yakizibwa yanarudi ndani pamoja na vijidudu, na vijidudu vikifika ubongoni vinaleta ugonjwa wa kuua. Funika tu kwa kitambaa safi bila kukaza.

— Asipenge kamasi. Usimpe pombe, chakula wala aspirini.

— Andika saa ya ajali, na saa aliyozimia na kuamka. Munganga atakuuliza.

Hayo yanawahusu zaidi jamaa zetu wa Sandoa. Kutoka kule mpaka Kolwezi ni zaidi ya kilomita 300, na wakati wa mvua barabara ni matope. Usipange safari ya Kolwezi kwanza. Anzia dispanseri au hospitali iliyo karibu, wamwangalie na wamtayarishe, ndipo wenyewe waamue namna ya kumsafirisha. Kumbeba nyuma ya pikipiki, shingo ikiyumba, ni kumwongezea hatari.

KOFIA NI PAA

Mwaka 1941, wakati wa vita, munganga Hugh Cairns wa Uingereza aliandika juu ya waendesha pikipiki wa jeshi waliokufa kwa kuumia kichwa, na akaonyesha kwamba kofia ngumu inapunguza hatari. Siku hizi pikipiki ziko kila mahali, kutoka mitaa ya Kolwezi hadi vijiji vya Sandoa. Lakini wangapi wanavaa kofia? Kaske ya mgodi siyo ya pikipiki, na ya pikipiki siyo ya mgodi. Kila moja ina kazi yake. Ifunge kamba kidevuni, na kaske iliyopata pigo kubwa ibadilishwe, hata kama ufa hauonekani.

Mfupa wa mkono ukivunjika, unafungwa ubao. Sakafu ya kichwa haifungwi ubao. Ilinde, ndugu, na umfundishe mtoto wako dalili nne hizi jioni ya leo.